Re: Kishikwambi kimeganda, hakizimiki

Habari mwalimu, pole sana. Umesema kioo kinawaka tangu asubuhi lakini hakisikii kidole, na betri haitoki. Usikifungue, wala usisubiri chaji iishe.

Chomeka chaja kwanza. Kisha bonyeza kwa pamoja kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti, shikilia hata sekunde 20. Wengi huachia kwenye ya tano, wakadhani imeshindikana. Nembo ikitokea, achia. Ikija menyu ya maandishi, chagua kuwasha upya. Ile ya kufuta data usiiguse kabisa, itaondoka na kila kitu.

Changu, hivi vya sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu, kiliganda hivyohivyo hapa Buswelu nikijaza alama za wanafunzi. Nilikuwa nimekiweka dirishani, na jua letu la Mwanza unalijua: mgongo wake ulichoma kama kikaango. Nilikivua kava, nikakizima kwa njia hiyo, nikakiacha kivulini kipoe. Baadaye nikakuta nafasi imejaa video za WhatsApp. Tangu nizifute hakijaganda tena, kwa hiyo angalia hapo mapema.

Kuhusu laptopu ya mwenzako iliyoganda nayo, abonyeze Caps Lock. Taa yake ikibadilika, mashine bado iko hai, aipe dakika chache. Isipobadilika, ashikilie kitufe cha kuwashia sekunde 10 au zaidi mpaka izime, asubiri kidogo, aiwashe. Kazi ambayo hakuihifadhi itapotea, basi kuizima hivyo kuwe hatua ya mwisho.