Maswali na majibu: Mahakama ya rufaa iliyoko New Orleans

Safari hii nimekusanya maswali yanayohusu mahakama moja. Mengi yametoka kwa wasomaji walioko Texas, moja limetoka Mombasa.

Wakili wetu kaandika "Kanda ya Tano". Ndiyo mahakama gani hiyo?

Ni moja kati ya mahakama 13 za rufaa za shirikisho nchini Marekani. Hii hupokea rufaa kutoka mahakama za shirikisho za Texas, Louisiana na Mississippi, na makao yake ni New Orleans. Mahakama hizi zilianza kwa sheria ya mwaka 1891. Kabla ya hapo majaji wa Mahakama ya Juu walilazimika kufunga safari na kuzunguka majimboni kusikiliza kesi, ndiyo maana wengine huziita mahakama za mzunguko. Kanda ya Tano ina viti 17 vya majaji, lakini rufaa nyingi huamuliwa na jopo la watatu. Mahakama ya Juu hupokea maelfu ya maombi kwa mwaka na kusikiliza chini ya mia. Kwa mtu wa kawaida, basi, New Orleans ndiyo mwisho wa safari.

Kaka yangu yuko Houston. Bodi ya Rufaa za Uhamiaji imemkatalia hifadhi. Tumepata shahidi mpya huku nyumbani. Tumpeleke mahakamani?

Pole sana, ndugu yangu. Mahakama ya rufaa haisikilizi mashahidi. Majaji husoma mwenendo wa kesi kama ulivyoandikwa, pamoja na hoja za mawakili, waone kama sheria ilikosewa. Ushahidi mpya hupelekwa kwa Bodi yenyewe, kwa ombi la kufungua kesi upya, nalo lina muda wake.

Sasa chukua ile barua ya Bodi utazame tarehe ya uamuzi. Kuiomba Kanda ya Tano iupitie uamuzi huo, mna siku 30 kuanzia tarehe hiyo, si kuanzia siku bahasha ilipowafikia, na ombi liwe limeshapokelewa mahakamani kabla hazijaisha, si kwamba mmelitia posta tu. Jambo jingine ambalo familia nyingi hazilijui: kupeleka ombi hakuzuii mtu kuondolewa nchini. Zuio huombwa peke yake. Mtafuteni wakili wa uhamiaji leo hii, msingoje wiki ijayo.

Ni kweli mahakama hii iliwahi kuwatetea watu weusi?

Kweli kabisa, na ningetamani habari hii ifundishwe zaidi. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ilisema shule za serikali zisitenge watoto kwa rangi. Kuitekeleza hukumu hiyo Kusini kuliangukia kwa sehemu kubwa Kanda ya Tano, ambayo wakati huo ilishika majimbo sita, Texas hadi Florida. Majaji wanne walisimama imara: Elbert Tuttle, John Minor Wisdom, John R. Brown na Richard Rives. Wote walikuwa wazungu waliokuwa wakiishi huko huko Kusini.

Chukua kesi ya James Meredith, kijana mweusi aliyeomba kusoma Chuo Kikuu cha Mississippi. Jaji wa chini alisema hakuona ubaguzi. Juni 1962 Wisdom aliupitia mwenendo wa kesi na kuonyesha jinsi chuo kilivyokuwa kikimpiga danadana, kisha jopo likaamuru apokelewe. Jaji mwenzao, Ben Cameron, akatoa zuio mara nne, hadi Hugo Black wa Mahakama ya Juu alipoliondoa. Gavana Ross Barnett naye akamzuia Meredith kwa mwili wake. Mahakama ikamkuta na hatia ya kuidharau, ikampa hadi Oktoba 2 atii au alipe dola 10,000 kwa kila siku. Usiku wa Septemba 30 ghasia ziliua watu wawili. Asubuhi yake Meredith akajiandikisha.

Majaji hao waliyalipia. Wisdom alitupiwa nyoka uani na mbwa wake wakalishwa sumu. Rives alimwagiwa takataka juu ya kaburi la mwanawe. Hilo la kaburi kila nikilisoma hunikaa moyoni.

Mbona Georgia na Florida hazimo tena?

Mahakama ilizidiwa na kesi, ikafikia majaji 26. Oktoba 1, 1981 ikagawanywa, na Alabama, Georgia na Florida zikawa Kanda ya Kumi na Moja, yenye makao Atlanta. Hukumu za kabla ya siku hiyo bado zinaifunga kanda hiyo mpya.

Sisi Afrika Mashariki tuliwahi kuwa na kitu kama hicho?

Ndiyo, ingawa haikuwa ya shirikisho. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1902 chini ya Waingereza, ikadumu hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Kenya ikaunda yake mwaka huo huo, Tanzania mwaka 1979. Hukumu zake za zamani bado zinanukuliwa Nairobi na Dar es Salaam, hasa ile ya Peters dhidi ya Sunday Post ya 1958, inayosema jaji wa rufaa asiwe mwepesi kubadili alichokiona jaji wa kwanza, kwa sababu huyo wa rufaa hakumwona shahidi akisema.