Kapu la Dominika: Maswali Matatu Kuhusu Sadaka, Zaka na Nia za Misa

Tumsifu Yesu Kristo. Barua tatu nilizozichagua safari hii zimeandikwa na watu wasiofahamiana, lakini zote zinazungumzia kapu moja, lile linalopita kati ya mabenchi baada ya sala ya waamini.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, mwanaparokia tangu nilipobatizwa. Mwaka jana ulitangazwa mchango maalumu kwa ajili ya wagonjwa wasiojiweza, nasi tukachanga kwa moyo wote. Miezi kadhaa baadaye niliuliza katika mkutano wa parokia ni wagonjwa wangapi waliosaidiwa. Nikajibiwa kwamba fedha zile zilitumika kupaka rangi ukumbi, na kwamba mwenye imani haifuatilii sadaka aliyokwisha kumpa Mungu. Je, nilikosea kuuliza? Na je, si afadhali sasa niwape maskini mwenyewe, mkono kwa mkono, kuliko kuweka kapuni?

JIBU: Mama mpendwa, hukukosea hata kidogo, na ninasikitika kwamba uliaibishwa mbele ya wenzako kwa swali ambalo Kanisa lenyewe linakuruhusu kuliuliza. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa uliotangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1983 unasema, katika kanuni ya 1267, kwamba matoleo ya waamini yaliyotolewa kwa kusudi maalumu yanaweza kutumika kwa kusudi hilo tu. Fedha iliyoombwa kwa jina la wagonjwa ni ya wagonjwa, na ukumbi, hata kama rangi yake imebanduka kuta zote nne, hauna budi kusubiri mchango wake wenyewe. Kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wa mali za Kanisa wawatolee waamini hesabu ya vile walivyovitoa, na kanuni ya 537 inaagiza kila parokia iwe na baraza la fedha ambamo waamini wenyewe humsaidia paroko kusimamia mali ya parokia. Hesabu, basi, si fadhila ambayo mweka hazina anaitoa akipenda.

Ama hilo la kwamba mwenye imani haifuatilii sadaka yake, ningependa aliyelisema asome sura ya 8 ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho. Mtume Paulo alikuwa akikusanya mchango kwa ajili ya Wakristo maskini wa Yerusalemu, na hakutaka kuubeba peke yake. Alimtuma Tito, akafuatana naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asiwepo mtu wa kuwalaumu katika jambo lile, kwa kuwa walikusudia kutenda yaliyo mema mbele ya Bwana na pia mbele ya wanadamu. Ikiwa Paulo aliona haja ya mashahidi, sioni ni nani kati yetu asiyewahitaji.

Mimi mwenyewe nimekuwa kwa miaka kadhaa katika kundi linalohesabu sadaka, na nadhani waamini wengi wangetulia zaidi kama wangeona kinachotendeka pale mezani. Makapu yanaletwa sakristia, chumba cha maandalizi ya ibada, mara tu baada ya Misa. Hahesabu mtu mmoja peke yake, wala mume na mkewe. Tunakuwa watatu ambao hawana undugu, na zamu hubadilika. Sarafu tunazipanga kwa thamani yake katika vikundi vya kumi kumi. Noti ndizo zinazochukua muda, kwa sababu nyingi zimekunjwa mara nne au tano ili jirani asione ni kiasi gani, na nyingine bado zina unyevu wa kiganja cha mtoto aliyeshikishwa tangu nyumbani. Ukizikunjua kwa haraka zinachanika. Jumla inaandikwa katika daftari kwa wino, wote watatu tunatia sahihi, mfuko unafungwa, na siku inayofuata fedha zinapelekwa benki. Dominika moja nilikunjua noti ndogo nikakuta ndani yake kipande cha karatasi chenye maneno mawili tu: kwa mgonjwa. Hapakuwa na jina la mtoaji wala la mgonjwa. Tungeweza kuichanganya na nyingine na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Tuliiweka kando katika bahasha yake, tukaiandikia mstari wake katika daftari, na katikati ya wiki ikatoka pamoja na wanaowatembelea wagonjwa. Nilijifunza pale kwamba kanuni ya 1267 haiangalii ukubwa wa fedha.

Sasa nije kwenye swali lako la pili. Kumpa maskini mkono kwa mkono ni jambo jema, wala usiliache kamwe. Lakini nakusihi usiliondoe kapu katika Dominika yako, kwa maana sadaka ile ni sehemu ya Misa yenyewe. Fedha na vitu vingine kwa ajili ya maskini na mahitaji ya kanisa hupokewa katika maandamano yale yale ya mkate na divai. Karibu mwaka 155 Mtakatifu Yustino Shahidi, akiitetea imani mbele ya kaisari, alieleza Wakristo wanavyokutana siku ya jua, yaani Dominika: baada ya masomo, mahubiri na Ekaristi, wenye nacho hutoa kila mmoja kwa hiari yake, na kinachokusanywa huwekwa kwa anayeongoza ibada, naye huwasaidia yatima na wajane, wagonjwa, wafungwa, na wageni wanaokaa kati yao. Unaona kwamba orodha ile haijabadilika sana tangu siku zile.

Na kuna sababu nyingine ya kutoa kwa pamoja. Mwaka 1617 Vinsenti wa Paulo alikuwa paroko wa Châtillon, nchini Ufaransa. Dominika moja ya mwezi Agosti, alipokuwa akijiandaa kwa Misa, alipata habari kwamba katika nyumba moja nje kidogo ya mji familia nzima ni wagonjwa, hakuna wa kumhudumia mwenzake. Akalisema jambo hilo katika mahubiri. Alipokwenda kuwaona baadaye siku ile, alikuta njia imejaa watu, wengine wakienda na wengine wakirudi, kila mmoja amebeba chakula. Siku hiyo familia ile ilipata zaidi kuliko walivyoweza kula, na padre akatambua kwamba kitakachobaki kitaharibika, kisha baada ya siku chache watarudia njaa ile ile. Huruma ilikuwepo tele. Kilichokosekana ni zamu. Ndani ya wiki hiyo aliwakusanya wanawake wa parokia, wakapanga nani atakwenda lini, na hicho kikawa chama chake cha kwanza cha mapendo. Mkono wako peke yako, mama, hauwezi kufika kila siku. Mikono ya parokia inaweza, ikipangwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwandikie paroko barua fupi ya heshima, utaje Dominika ambayo mchango ulitangazwa na maneno ya tangazo kama unavyoyakumbuka, umwombe hesabu ya mchango ule isomwe kanisani. Pendekeza pia kwamba kiasi kilichotumika kihesabiwe kuwa deni, mfuko wa ukumbi uurudishie mfuko wa wagonjwa kidogo kidogo hadi limalizike. Mara nyingi kosa la namna hii limefanywa na watu wanyofu waliobanwa na fundi, nao hufurahi kuonyeshwa njia ya kulirekebisha. Ukikosa jibu, zungumza na wajumbe wa baraza la fedha, na baada ya hapo jimboni kwa askofu. Kanuni ya 212 inatambua uhuru wa waamini wa kuwaeleza wachungaji wao mahitaji na matakwa yao. Nenda pamoja na mwenzako mmoja au wawili, wala usiyazungumze haya barabarani kabla ya kuyazungumza ofisini.

SWALI: Mhubiri mmoja alitufundisha kwamba asiyetoa sehemu ya kumi ya mapato yake anamwibia Mungu. Mshahara wangu haufiki hata mwisho wa mwezi. Je, nimo katika dhambi?

JIBU: Ndugu yangu, maneno hayo yametoka katika sura ya 3 ya kitabu cha nabii Malaki, na aliyasema kwa taifa ambalo sheria yake ya zaka iliwalisha Walawi pamoja na mgeni, yatima na mjane. Sheria ya Kanisa Katoliki haiwawekei waamini sehemu ya kumi. Kanuni ya 222 inatuwajibisha kusaidia mahitaji ya Kanisa, yaani ibada, utume, matendo ya mapendo na riziki ya wahudumu wake, kisha inatukumbusha kuwasaidia maskini kwa mapato yetu wenyewe, kiasi haikitaji. Parokia nyingi huziita bahasha zao zaka, na hakuna ubaya, mradi neno hilo lisigeuzwe kuwa fimbo. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwa kadiri ya alivyofanikiwa, na mahali pengine kwamba hakusudii wengine wapate nafuu nao wapate dhiki. Mpe mtoto wako haki yake kwanza, kisha uchague kiasi kidogo unachoweza kukitoa kila juma bila kukopa, ukiweke kando mapema, kabla ya siku zenyewe kukitafuna. Kiasi hicho kikitoka kwa moyo, humwibii mtu yeyote.

SWALI: Nina umri wa miaka 26 na sina kazi tangu mwaka jana. Kapu linapokaribia benchi letu nafumba macho kana kwamba nasali, na Dominika mbili zilizopita sikwenda kabisa. Baba yangu amefariki, na sijamwombea Misa kwa kuwa sina sadaka ya kuandikisha nia. Nifanye nini?

JIBU: Mwanangu, barua yako niliisoma mara kadhaa kabla ya kushika kalamu. Nianze na baba. Misa hainunuliwi. Sadaka ya nia, ile inayotolewa padre anapoombwa kuadhimisha Misa kwa ajili ya mtu au jambo fulani, ni toleo la muumini anayeshiriki kwa njia hiyo katika kulitegemeza Kanisa, na kanuni ya 947 inataka uepukwe kabisa hata mwonekano tu wa biashara. Kanuni ya 945 inawahimiza sana mapadre waadhimishe Misa kwa nia za waamini, hasa walio wahitaji, hata pasipo kupokea sadaka yoyote. Kuhusu sakramenti kwa jumla, kanuni ya 848 inamtaka mhudumu aangalie daima kwamba wahitaji hawanyimwi msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Tena kuna jambo ambalo waamini wengi hawalijui: kanuni ya 534 inamwajibisha paroko kuadhimisha Misa kwa ajili ya watu wa parokia aliyokabidhiwa kila Dominika na kila sikukuu iliyoamriwa. Kwa hiyo hata Dominika hizo mbili ulizobaki nyumbani, ulikuwa unaombewa altareni, bila bahasha na bila jina lako kuandikwa popote.

Kuhusu kapu, nakuambia kama mtu anayelipokea upande wa pili: sisi tunaohesabu hatujui ni nani hakutoa. Kapu halina orodha. Lipokee, umpitishie jirani yako, ukaendelee na wimbo. Kama katika parokia yenu kuna desturi ya kusoma hadharani majina ya waliotoa na kiasi chao, nasema bila kusita kwamba desturi hiyo inawafukuza watu kama wewe, na ingefaa ikome. Hesabu tunayoidai ni ya jumla iliyopatikana na matumizi yake, wala si ya mfuko wa mtu mmoja mmoja.

Zaidi ya hayo, juma la parokia lina siku saba, na nyingi kati yake hazihitaji fedha bali muda na miguu. Kuna wagonjwa wanaopelekewa Komunyo nyumbani ambao wangefurahi mtu akibaki nao nusu saa baada ya mhudumu kuondoka. Kuna kanisa la kufagiliwa Jumamosi, watoto wa katekisimu wa kusimamiwa, na mzee wa kushikwa mkono hadi benchi lake. Frédéric Ozanam alikuwa mwanafunzi wa miaka 20 tu pale yeye na wenzake wachache walipoanzisha mjini Paris, mwaka 1833, chama kilichokuja kujulikana duniani kote kwa jina la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Walianza kwa kuzitembelea familia maskini majumbani mwao, wakiongozwa na mtawa Rosalie Rendu aliyezifahamu nyumba hizo. Kama chama hicho au kundi jingine la mapendo lipo kwenu, nenda ukajitolee, na ukifika usione haya kusema kwamba wewe mwenyewe huna kazi. Kundi linalostahili jina hilo litakuuliza umekula nini leo kabla ya kukupangia zamu, na huenda miongoni mwao yupo anayejua mahali panapotafutwa mtu wa kazi.

Nenda ofisi ya parokia siku ambayo haina msongamano, umwambie padre kwa maneno haya haya: Padre, naomba Misa kwa ajili ya marehemu baba yangu, na sina sadaka. Mtajie jina la baba ili aliandike katika daftari la nia, uulize siku na saa, na siku hiyo uje mapema ukae benchi la mbele.