Tovuti ya shule ilipoanza kuuza mabegi kwa Kijapani

Wadogo zangu mnaoanza kazi za tovuti, hili niwaambie mapema. Mwalimu mmoja alinipigia, tovuti ya shule yao niliitengeneza mimi kwa WordPress (programu ya kutengenezea tovuti), akaniambia kaka, kuna mzazi katafuta jina la shule Google kaletewa maandishi ya Kijapani na bei za mabegi. Nikafungua kwenye simu yangu, iko safi kabisa, picha za wanafunzi zipo, fomu ya kujiunga ipo, nikamjibu mwalimu hiyo itakuwa ni simu ya mzazi ina virusi.

Nilikosea vibaya, na naona wengi mnakosea hapohapo. Tovuti ilikuwa imedukuliwa, na uchafu huu umeandikwa ili mwenye tovuti asiuone. Kodi (code) ya mdukuzi, yaani maagizo ya programu aliyoyapachika, inaangalia kwanza nani anabisha hodi, akiwa ni roboti wa Google anapewa kurasa za mabegi au dawa, anayebofya kutokea Google anarushwa kwenye duka la watu, wewe unayeandika anwani mwenyewe unapewa ukurasa wako wa kila siku. Kwahiyo angalia kwa macho ya Google: kwenye Google andika site: halafu anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi. Tovuti yangu ilikuwa na kurasa 14 tu, nikakuta maelfu.

Kisha ingia Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, ufungue orodha ya wamiliki. Mimi nilikuta imeili nisiyoijua, jamaa kajisajili mmiliki na kapeleka sitemapu yake (orodha ya kurasa) ili kurasa zake zisomwe haraka. Ukimtoa bila kufuta faili lake la uthibitisho, lile linaloanza na google na kuishia .html, anaweza kurudi tena. Na usipoliona hilo faili kagua .htaccess, faili la mipangilio ya seva, wakati mwingine linatengenezwa kutokea humo.

Sasa kodi yenyewe. Nilifungua index.php nikaona mistari ileile ya siku zote, nikataka kufunga, ndo nikaona kile kipande cha kuskrolia pale chini kimekuwa kidogo sana. Nikavuta kulia, nikavuta weee, kumbe baada ya nafasi tupu kibao kuna eval na base64_decode, amri za PHP wanazotumia kufumbua na kuendesha kodi iliyofichwa. Nikafuta, nikanywa maji, kurudi imejiandika tena! Kulikuwa na cron job (kazi inayojiendesha yenyewe kwa ratiba) kwenye cPanel, paneli ya kusimamia seva, inairudisha kila baada ya dakika chache, na mlango wenyewe ulikuwa themu (muonekano wa tovuti) ya kulipia niliyoipakua bure mahali, imekrakiwa, yaani imevunjwa leseni. Jamani msiweke vitu vya kukraki kwenye tovuti ya mteja, mteja akikosa hela tafuteni themu ya bure ya wordpress.org.

Msifukuze faili mojamoja. Chukua bakapu kwanza hata kama ni chafu, futa cron job usiyoijua, kisha toa folda za WordPress yenyewe, wp-admin na wp-includes zote, uweke mpya, plagini (programu za nyongeza) na themu pakua upya. Ndani ya uploads, folda ya picha na mafaili unayopandisha, faili la PHP (la kodi) kwa kawaida halina kazi, likiwepo lichunguze. Folda ya mu-plugins, ya plagini zinazojiwasha zenyewe, wengi wanaisahau, na wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, isome mstari kwa mstari. Futa admini usiowajua, badilisha paswedi zote pamoja na ya databesi, na zile funguo za siri ndani ya wp-config.php uzibadilishe ili aliyekuwa amelogini atupwe nje.

Zile kurasa za Kijapani ziache zijibu 404 au 410, namba za kusema ukurasa haupo. Usizielekeze ukurasa wa mwanzo, wala usizizuie kwa robots.txt (faili la kuwaambia roboti wasipite wapi), maana Google akizuiwa atajuaje kwamba hazipo tena? Kama Search Console imeweka onyo la usalama, maliza kusafisha ndo uombe ukaguzi, ukiomba mapema watakukatalia na utasubiri upya.

Mimi kila asubuhi nilikuwa naandika ile site: naangalia zimebaki ngapi, zilipungua taratibu mno. Ila mwalimu nilimpigia siku ileile nilipoona ukweli, nikamwomba radhi, nikamwomba amwambie na yule mzazi kwamba simu yake haikuwa na shida yoyote.