Nyonga iliyovunjika: bloku kwanza, mgongo baadaye

Kazi ngumu katika ganzi ya mgongo kwa mzee aliyevunjika nyonga ni kumkalisha au kumlaza ubavu. Akigeuzwa huku anaumia, anakakamaa, na nafasi kati ya pingili inafunga. Wengi hukimbilia dawa kali za maumivu, ketamini au pethidini, halafu mgonjwa wa miaka 80 anashinda amechanganyikiwa wodini. Afadhali bloku, yaani sindano ya ganzi ya kuzima neva za mbele ya nyonga, kisha subira ya dakika 20 hadi 30. Subira ndiyo inayorukwa, lawama ikabebeshwa dawa.

Bila ultrasaundi, tumia bloku ya fasia iliaka, inayomwaga dawa chini ya utando unaofunika msuli wa ndani ya nyonga. Papasa ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, chora mstari hadi kinundu cha kinena, uugawe mara tatu. Pale theluthi ya nje inapokutana na ya kati, shuka sentimita 1. Chagua sindano butu: utahisi inaachia mara mbili, na kosa la kawaida ni kuishia kwenye ule mwachio wa kwanza. Vuta kuangalia damu, kisha sukuma kidogo kidogo mililita 30 hadi 40 za dawa ya ganzi, bupivakeini ya 0.25%. Bloku hii huishi kwa ujazo. Mililita 15 hazifiki popote.

Lakini piga hesabu. Kikomo cha bupivakeini ni miligramu 2 kwa kilo. Bibi wa kilo 40 mwisho wake ni miligramu 80, yaani mililita 32, na kilo zenyewe zisikadiriwe kwa macho. Midomo ikifa ganzi, masikio yakivuma au degedege likianza, dawa imemdhuru: acha kusukuma, mpe oksijeni na lipidi ya 20% (mafuta ya kudunga mshipani), mililita 1.5 kwa kilo. Iwe chumbani tayari, si stoo.

Mwenye ultrasaundi ana PENG pia, bloku ya neva zinazozunguka kiungo cha nyonga, iliyoelezwa mwaka 2018: mililita 20 kati ya kano ya msuli wa soasi na mfupa wa kinena. Hulegeza paja kidogo kuliko fasia iliaka, ila ukizidisha ujazo au sindano ikikaa juu mno, dawa huvujia neva ya femurali (neva kuu ya mbele ya paja) na mguu unalegea vilevile. Ngozi ya ubavu wa paja PENG haiigusi. Wala hakuna bloku kati ya hizi inayotosha kupasulia peke yake.

Mgongoni, bupivakeini nzito ya 0.5%, mililita 1.5 hadi 2, inatosha; ongeza fentanili, dawa ya maumivu, mikrogramu 10 hadi 15 ukiwa nayo. Mililita 3 za mazoea ndizo zinazoangusha presha. Dawa nzito huzama, hivyo mlaze upande uliovunjika (hapo utaishukuru bloku) kwa dakika 10 hadi 15. Ile isiyo nzito, mguu uliovunjika uwe juu. Efedrini, dawa ya kupandisha presha, iwe ndani ya bomba kabla hujachoma, maana dripu peke yake haiokoi presha ya mzee.

Enoksaparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ya dozi ya kinga isipotimiza saa 12 tangu ichomwe, au ya dozi ya tiba saa 24, usichome mgongo. Vali ya aota iliyobana sana nayo ni ya kuogopwa. Wala usishindane na mgongo uliogoma: utafiti wa REGAIN wa mwaka 2021, wagonjwa 1,600 wa Marekani na Kanada, haukuona ganzi ya mgongo ikiishinda nusukaputi kwa vifo wala kwa kutembea baada ya siku 60. Bloku bado ina faida hata hapo, kwani atazinduka na maumivu machache.