Kwa wadogo zangu mnaoanza kuripoti Kombe la Shirikisho

Jumamosi ya tarehe 2 Julai 2022 nilikuwa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam Sports kati ya Yanga na Coastal Union ya Tanga. Coastal walitangulia kwa bao la Abdul Suleiman, yule tunayemwita Sopu. Kipindi cha pili Feisal Salum akasawazisha, kisha Heritier Makambo akaipatia Yanga bao la pili. Muda ulikuwa umekwenda sana. Yanga walikuwa wamemaliza Ligi Kuu bila kupoteza hata mchezo mmoja, nami nikaona hapa kazi imekwisha. Nikaandika habari yote, kuanzia kichwa mpaka aya ya mwisho, nikaituma chumba cha habari bila kusema waziwazi kwamba mpira bado unachezwa.

Sopu akasawazisha. Nilipopiga simu kuizuia habari, ilikuwa imeshasomwa hewani: Yanga bingwa.

Mnajua kilichofuata. Dakika thelathini za nyongeza, Sopu akafunga bao la tatu, Coastal wakawa mbele tena, Denis Nkane akaisawazishia Yanga, ikawa 3-3, na Yanga wakatwaa kombe kwa penalti 4-1. Wasikilizaji wengine waliniambia baadaye, "Si ulisema kweli, Yanga si walichukua?" Hapana. Nilisema uongo uliobahatika kugeuka kweli saa moja baadaye, na kwa muda huo wote kulikuwa na watu Tanga waliozima redio wakiamini timu yao imekwisha kufungwa, wakati ilikuwa inacheza mpira mzuri kuliko ilioucheza msimu mzima.

Ndiyo maana kila nikikaa na kijana anayeanza kazi hii, huwa naanzia hapo. Ligi ina wiki ijayo. Ukimkosea mtu leo, utamkuta Mbeya au Bukoba baada ya siku kumi, utarekebisha. Mtoano, kama kombe hili, hauna wiki ijayo. Timu ikitolewa imetolewa, na ulichoandika siku ile ndicho kitakachobaki. Andika mwanzo wa habari mapema kama lazima, maana mhariri naye ana saa yake, lakini juu ya karatasi weka neno BADO kwa herufi kubwa, na usilifute mpaka mwamuzi apulize filimbi ya mwisho.

Jambo la pili ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote, kwa hiyo nivumilieni nikilirefusha. Isome timu ndogo kwanza.

Kombe hili lilirudishwa msimu wa 2015/16 baada ya kusimama miaka mingi, na tangu lirudi halijaacha kutufundisha. Mei 2017 Mbao FC ya Mwanza ilikuwa fainalini Dodoma baada ya kuitoa Yanga kwenye nusu fainali pale CCM Kirumba, na Simba walihitaji muda wa nyongeza na penalti ya Shiza Kichuya kuwashinda 2-1. Desemba mwaka huohuo Simba, wakiwa mabingwa watetezi, walitolewa na Green Warriors ya daraja la pili kwa penalti pale Chamazi. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Desemba 2018, Simba waliifunga Nkana ya Zambia 3-1 wakaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, nchi nzima ikasherehekea. Siku tatu baadaye, kwenye uwanja uleule wa Taifa, Mashujaa ya Kigoma ikawafunga 3-2 na kuwatoa kwenye kombe. Mashujaa wakati huo hawakuwa Ligi Kuu. Walipopanda, wakawatoa tena Simba Aprili 2024, safari hii nyumbani kwao Lake Tanganyika, kwa penalti.

Sasa jiulizeni: siku ya Green Warriors, wangapi kati yetu tulikuwa tunawajua wachezaji wao kwa sura? Mimi nilikuwa na orodha ya majina tu. Bao la timu kubwa ningelisimulia nimefumba macho, nani alimpasia nani na ametokea klabu gani. La timu ndogo, nilikuwa nasoma namba ya jezi, nashuka kwenye karatasi, natafuta jina. Mtangazaji anayesema "mchezaji wao namba saba" katika siku kubwa kuliko zote za maisha ya kijana huyo amemnyang'anya kitu. Mama yake yuko Kigoma anasikiliza redio akisubiri jina.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Droo ikitoka, mtafute meneja wa ile timu ndogo, si msemaji wa timu kubwa. Msemaji wa timu kubwa atakupigia mwenyewe. Meneja wa timu ndogo hajazoea kupigiwa. Atakupa dakika arobaini na atakwambia beki wa kushoto ni fundi magari, kipa aliachwa na timu ya vijana ya Dar, na kocha ndiye anayeendesha basi. Omba uhudhurie mazoezi yao ya mwisho. Kaa karibu na goli, usikae jukwaani. Andika jina, namba, mguu anaotumia na namna anavyokimbia, kwa sababu uwanja ukiwa na vumbi namba haionekani ila mwendo wa mtu unaonekana. Na hakikisha tahajia. Usiulize mwenzako, muulize mwenye jina.

Na waulize pia nani anapiga penalti. Watakwambia. Timu kubwa haitakwambia.

Hilo linanileta kwenye penalti zenyewe, ambazo watangazaji wengi wanaoanza hupotea humo. Chora jedwali kabla dakika za nyongeza hazijaanza, si baada ya kwisha. Safu mbili, mistari mitano kila upande, na nafasi chini yake ikiwa zitaendelea. Andika goli gani limechaguliwa, nani ameanza, nani amepiga, wapi ameelekeza, kipa ameruka upande gani. Kisha fanya hesabu kila baada ya mkwaju, kwa sababu penalti huisha kabla ya tano kumalizika pale timu moja inapokuwa haiwezi tena kufikiwa. Arusha siku ile ilikwisha 4-1, raundi ya tano haikufikiwa. Nilimsikia mwenzetu mmoja akiendelea kumwita mpigaji anayefuata huku wachezaji wa Yanga wanakimbilia kwa kipa wao. Aibu ya namna hiyo inazuilika kwa penseli.

Pia kumbukeni kwamba kwenye kumbukumbu mchezo ule ni sare ya 3-3. Mabao ya penalti za mwisho hayaingii kwenye hesabu ya mfungaji. Usiandike "Yanga 7 Coastal 4". Nimeiona imeandikwa, na iliniuma.

Kanuni. Zisomeni kila msimu, hata kama mlizisoma msimu uliopita. Msimu wa 2019/20 Namungo walifungwa na Simba 2-1 kwenye fainali ya Sumbawanga, lakini kwa kuwa Simba walikuwa mabingwa wa ligi vilevile, Namungo wakapewa nafasi ya kwenda Kombe la Shirikisho Afrika, na walifika hatua ya makundi. Miaka miwili baadaye wengi tulidhani Coastal nao watapita njia hiyohiyo hata wakifungwa na Yanga. Hawakupita. Nchi ilikuwa na nafasi nne msimu ule. Yanga na Simba walikwenda Ligi ya Mabingwa, Azam na Geita Gold wakaenda Shirikisho kupitia nafasi zao kwenye ligi. Mwandishi aliyewaambia mashabiki wa Tanga kwamba tiketi ya Afrika wanayo mkononi tayari aliwaumiza mara mbili.

Mmeona pia mtego wa majina? Kombe la Shirikisho ni letu, la TFF, shirikisho la mpira wa miguu Tanzania. Kombe la Shirikisho Afrika ni la CAF, shirikisho la mpira wa miguu Afrika. Mwaka 2023 Yanga walicheza fainali zote mbili ndani ya wiki chache. Ile ya Afrika waliikosa kwa USM Alger ya Algeria kwa kanuni ya mabao ya ugenini baada ya jumla ya 2-2, mchezo wa pili ukichezwa tarehe 3 Juni. Tarehe 12 Juni wakaifunga Azam 1-0 Mkwakwani, Tanga, kwa bao la Kennedy Musonda, wakabeba lile la nyumbani. Ukiandika tu "fainali ya Shirikisho" bila kufafanua, msomaji aliyeko Muscat au Minnesota, anayepata habari kwa kuokotezaokoteza kwenye simu, hajui unasema ipi. Andika jina zima mara ya kwanza. Na kwa kuwa udhamini umebadilika, tangu msimu wa 2023/24 likiitwa la benki ya CRDB, hakikisha jina linalingana na msimu unaousimulia. Fainali ya Arusha haiwi ya CRDB kwa sababu wewe unaiandika leo.

Kuhusu safari nitasema machache. Kombe hili linazunguka nchi: Dodoma 2017, Arusha 2018, Lindi 2019, Sumbawanga 2020, Kigoma 2021, Arusha tena, Tanga, Unguja. Ni jambo jema sana kwa mpira wetu, mtu wa Sumbawanga naye aione fainali kwa macho yake. Kwako ni gharama. Fika siku mbili kabla, maana nyumba za wageni hujaa na ukilala stendi hutaandika kitu cha maana. Beba chaja ya akiba na laini za mitandao miwili. Watu elfu kadhaa wakifungua simu kwa pamoja uwanjani, intaneti hukata, na habari yako itaondoka kwa ujumbe mfupi wa kawaida au kwa kupiga simu na kuisoma neno kwa neno. Jizoezeni kuisoma neno kwa neno.

Nirudi Arusha, kwa sababu kuna kosa lingine nililofanya usiku ule ambalo hakuna msikilizaji aliyeligundua.

Baada ya kombe kukabidhiwa nilishuka kwenye kundi la waandishi waliomzunguka kocha wa Yanga, Nasreddine Nabi, na wachezaji wake. Nilipata sauti nzuri, zote za furaha, zote zinazofanana. Nilipogeuka kwenda upande wa Coastal, kocha wao Juma Mgunda alikuwa amekwisha kuzungumza, na vijana walikuwa wanaingia kwenye basi. Mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma na jezi nyekundu ya Wagosi wa Kaya, kama Coastal wanavyoitwa, aliyesafiri kutoka Tanga, alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, huyu kijana aliyefunga matatu, mtamwandika?" Nikamwambia, "Tutamwandika, mzee, shikamoo." Nilimwandika. Aya ya saba.

Mtu amefunga mabao matatu kwenye fainali, dhidi ya timu iliyomaliza ligi bila kufungwa, akiwa na jezi ya klabu ambayo ubingwa wake wa ligi ni wa mwaka 1988. Haijalishi nani amebeba kombe, hiyo ilikuwa aya ya kwanza, au ya pili kwa ubishi. Nilimweka ya saba kwa sababu nilikuwa nimeshaandika habari kabla ya wakati, ikiwa na bao lake moja tu, na nilipoifufua nikawa nabandika viraka juu ya ile ya zamani badala ya kuanza upya. Makosa yangu mawili ya jioni ile yalikuwa kosa moja. Wiki chache baadaye Azam wakamsajili Sopu, na Septemba Mgunda akawa anaiongoza Simba. Nikawa natafuta sauti zao za usiku wa Arusha kwa ajili ya kipindi, na sikuwa nazo.

Kwa hiyo siku hizi, wenzangu wakikimbilia kombe, mimi natangulia upande wa waliofungwa. Sisukumi kipaza sauti mdomoni mwa mtu anayelia. Nasimama, natoa salamu, nasubiri. Mara nyingi atakayekuja ni mchezaji wa akiba au mtunza vifaa, na yeye ndiye atakayekusimulia kilichosemwa kwenye duara kabla ya penalti. Sherehe ya washindi ni ndefu, utaikuta.

Na kabla hujalala, hata ukiwa umechoka namna gani, nakili daftari lako vizuri: vikosi vyote viwili na waliokaa benchi, nani alimpisha nani, kadi, mfuatano wa mabao, jedwali la penalti, waamuzi. Andika tarehe na uwanja. Ukitafuta leo vikosi vya hatua ya 32 bora vya miaka michache tu iliyopita utatafuta sana, na siku moja kijana wa Sahare kule Tanga au wa Kigoma atakupigia kuuliza kama ni kweli kaka yake alicheza siku ile. Langu la Arusha ninalo, ukurasa wa Coastal una majina yote, pamoja na namna mzee yule alivyonitamkia moja ambalo nilikuwa nimelikosea.