Mafungo ya wanawake Muscat: msaidizi anayetoka Dar ajiandae vipi

Shalom wadau.

Kwa mliochelewa, dada mleta mada ameuliza hivi: idara ya wanawake ya kanisa lao hapa Dar imealikwa kusaidia mafungo ya siku tatu Muscat, Oman, kwa ajili ya wanawake wanaozungumza Kiswahili, wengi wao wafanyakazi wa ndani. Mama mchungaji ndiye kiongozi, yeye ni msaidizi. Anataka kujua aandae masomo mangapi, abebe nini, na kama ni kweli kule Ukristo umepigwa marufuku. Mimi nimeshaifanya kazi hiyo, mji huo huo, nafasi hiyo hiyo ya msaidizi, kwa hiyo naandika nilichokiona. Itakuwa ndefu, mnisamehe.

Nianze na hilo la marufuku, maana kuna watu huko juu wameshamtisha bila sababu. Oman wana makanisa, na yamejaa watu. Yamejengwa kwenye ardhi iliyotolewa na Sultan Qaboos, na kwa Muscat utayakuta kwenye maeneo mawili, Ruwi na Ghala, Wakatoliki, Waprotestanti na Waorthodoksi wakiwa majirani. Ndani ya viwanja hivyo mnasali kwa uhuru wenu. Ukitoka getini mambo yanabadilika: hakuna kukusanyika kwa ibada nyumbani kwa mtu au hotelini, hakuna kugawa vipeperushi, hakuna kumshawishi Mwislamu abadili dini. Sheria za mwenye nyumba hizo, na mgeni anazifuata. Kanisa linalowapokea ndilo lenye usajili, kwa hiyo ndilo lishughulike na vibali vyenu. Wasipowapa jibu la uhakika kwamba mmekubaliwa, msikate tiketi. Na mtu asije na wazo la kwenda kufanya maombi ya alfajiri ufukweni Muttrah, mmevaa sare na pambio juu. Nalisema kwa sababu najua litatolewa kwenye kikao chenu, kwetu lilitolewa.

Sasa masomo. Andaa mawili.

Najua mama mchungaji ana ratiba ya masomo kumi hivi, kila moja na mada yake na mstari wake wa kusimamia. Ndivyo tulivyozoea hapa Dar: semina inaanza saa mbili asubuhi, mtumishi akishuka mwingine anapanda, katikati matangazo, sadaka, wageni wasimame tuwatambue, na saa kumi na mbili jioni bado kuna mtu anasema "namalizia". Mwanamke wa Tabata au Mbagala anaweza kukaa hivyo kwa sababu kesho atalala. Wa Muscat hawezi. Anaamka kabla ya wenye nyumba na kulala baada yao, na wengi wao siku ya mapumziko ni ya kuomba kwa bosi, si haki aliyonayo mkononi. Akija kwenye mafungo amekuja na usingizi wa miezi. Ukimpa masomo kumi umempa ajira nyingine.

Kwetu siku ya kwanza, kabla hata somo halijakolea, mama mmoja alilala. Alitandika khanga kwenye zulia pembeni ya ukumbi, akaweka mkoba chini ya kichwa, akazima kabisa, mdomo wazi. Mmoja wa timu yetu akanyanyuka kwenda kumwamsha, kwamba adui anamwibia neno lake. Kiongozi wetu alimshika mkono akamrudisha kwenye kiti, akafungua 1 Wafalme 19, pale Eliya anapolala chini ya mretemu akiwa amechoka hadi kuomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimwamsha ale mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha mara ya pili ale tena kwa sababu safari ilikuwa kubwa. Somo lenyewe likawa hilo, na likaisha haraka. Mchana ule walilala wengi. Jioni ndipo watu wakaanza kuomba, na sijasikia maombi ya namna ile kwenye mkesha wowote hapa mjini.

Kwa hiyo kazi yako kubwa kabla ya safari ni kupunguza ratiba, na kwa kuwa wewe ni msaidizi utaipunguza kwa adabu. Usimwambie mama mchungaji masomo ni mengi. Muulize tu: "Mama, huyu atakayefika saa tano na dereva wa bosi anamfuata saa nane, yeye tumwandalie nini?" Muulize na la pili: "Na huyu anayekuja Jumamosi tu, atalielewaje somo la nne?" Ataanza kukata mwenyewe. Ratiba nzuri kule ni ile ambayo mtu anaweza kuingia saa yoyote akapata kitu: nyimbo, neno fupi, chakula, pumziko, maombezi kwa anayetaka, nyimbo tena.

Hapo hapo niseme kuhusu siku. Wikiendi ya Oman tangu 2013 ni Ijumaa na Jumamosi. Jumapili ni siku ya kazi, na ibada kubwa za makanisa ni Ijumaa. Mkipanga Ijumaa hadi Jumapili kwa mazoea ya Dar, siku ya tatu mtahubiriana ninyi kwa ninyi. Bora Alhamisi jioni hadi Jumamosi.

Tarehe nazo ziangalieni. Kiangazi cha kule joto linapita nyuzi 40, na hili si joto letu la Kariakoo la mwezi wa kwanza, msijidanganye. Novemba hadi Februari ndiyo hali ya hewa ya kibinadamu. Ila kwepeni Ramadhani, ambayo kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11; ya 2027 inatarajiwa kuanza mapema Februari. Mwezi huo jikoni hakulali mtu, kwa hiyo wanawake mnaowafuata ndio hawatapata ruhusa. Na mchana hamtakula wala kunywa hadharani.

Sasa nafika kwenye kazi halisi ya msaidizi, ambayo hakuna aliyenieleza kabla. Ni kulinda sinki.

Sitanii. Wale wanawake hawawezi kukaa wakahudumiwa. Mnapakua chakula, mmoja ameshachukua mwiko. Mnamaliza kula, watatu wameshakunja mikono wanaosha sahani za watu wote, na mmoja yuko chini anafuta sakafu ambayo ni safi. Ukimwambia "kaa dada, leo wewe ni mgeni", anacheka, anakaa dakika mbili, anarudi kwa mlango mwingine. Ilibidi tugawane zamu ya kusimama mlangoni mwa jiko. Mama mmoja mtu mzima kutoka Tanga nilimvua sufuria mkononi, akaniangalia akasema, "Mwanangu, mimi tangu nije huku sijawahi kuandikiwa sahani." Akaketi, nikampakulia ugali na dagaa, akala polepole sana, hakuna aliyemwita. Kama idara yenu itabishana kuhusu nani abaki jikoni na nani apande madhabahuni, wewe omba jiko.

Ndiyo maana kwenye mizigo chakula kinatangulia. Unga, dagaa waliokauka vizuri na kufungwa mara mbili, majani ya chai, viungo vya pilau. Waulizeni wenyeji kwanza kipi kinapatikana huko na kipi kinaruhusiwa kuingia. Biblia beba yako tu. Boksi la vitabu vya kugawa acheni Dar. Dawa kali za maumivu au za usingizi ziende na cheti cha daktari, maana kule wanazifuatilia. Pale Terminal 3, uwanja wa ndege wa Dar, mtaulizwa maswali, kundi la wanawake mnaokwenda Muscat hamtapita kama mnaokwenda Dodoma. Shikeni barua ya mwaliko, tiketi ya kurudi na anwani ya mnakofikia, kila mtu na nakala yake.

Sare za kitenge? Najua mtashona hata nikisema nini. Lakini fikirieni: mmesimama mbele mmependeza, mmelingana, na aliyekaa mbele yenu amekuja na gauni alilopewa na bosi wake. Sisi tulivaa tu nguo zetu za heshima, mikono mirefu, mtandio mkobani, na hakuna kilichopungua.

Mada ya Hajiri sasa, kwa kuwa dada amesema ipo kwenye orodha yenu ya masomo. Inaonekana imewakaa sawa: mjakazi wa Sarai, nchi ya ugeni, Mungu anayemwona. Lakini someni Mwanzo 16 mpaka mwisho. Malaika anamwambia arudi kwa bibi yake akanyenyekee. Kwenye ukumbi ule atakuwepo mtu anayepigwa, na mtu ambaye hajalipwa miezi. Akisikia mstari huo kutoka kinywani mwa mama mchungaji aliyetoka Tanzania, atauchukua kama agizo. Ama mfundishe pamoja na Mwanzo 21, ambapo Hajiri anaondoka kabisa na Mungu bado yuko naye jangwani, anampa kisima na mtoto anaishi, ama mwache kabisa. Mimi ningemwacha, nichukue Ruthu.

Na hao wanaopigwa watakueleza. Hawatamweleza kiongozi aliyeko mbele, watakueleza wewe, kwenye foleni ya choo, au mkiwa mnamenya vitunguu. Sikiliza, usikatishe, usiahidi. Usiseme "nitakusaidia utoroke": visa yake imefungwa kwa mwajiri, na akiondoka bila utaratibu anaweza kushtakiwa kwa kutoroka kazini, kisha wewe umeshapanda ndege. Usiseme pia "omba tu mama, Mungu atatenda" ukaishia hapo, hayo ameshayaomba. Tanzania ina ubalozi Muscat. Kabla hamjaondoka Dar hakikisha unajua ulipo na simu inayopokelewa, na umwombe mchungaji wa kanisa la huko akutajie nani kati ya watu wake huwa anasindikiza wenye shida. Mwandikie mtu kwenye karatasi ndogo, si kwenye simu, kwa sababu wapo ambao simu zao zinakaguliwa nyumbani.

Kwa sababu hiyo hiyo, picha hapana. Mmoja kati yao ameaga anakwenda sokoni Ruwi. Ukirusha video ya pambio kwenye status na yeye yumo, umemfukuzisha kazi. Kwetu tulitangaza mwanzoni kabisa simu za timu zinakaa kwenye kikapu, na waliolalamika walikuwa wa timu.

Sadaka: msichangishe. Watatoa hata msipoomba, watawafuata na noti zilizokunjwa. Rial moja ya Oman ni kama dola 2.60. Anayekupa rial tano kwa macho ya Dar unaona ni noti ya tano, kumbe kakupa dola 13 ambazo zilikuwa ziende kwa mama yake Singida. Kama kanisa lenu haliwezi kubeba gharama za safari bila kutegemea kapu la kule, subirini mwaka mwingine.

Madhehebu yatakuwa mchanganyiko, Mkatoliki na rozari yake, Msabato ambaye Jumamosi ni siku yake, Mpentekoste anayenena, na Wakenya, Warundi, Wakongo ambao Kiswahili chao kina ladha nyingine. Msiandikishe mtu kwenye kanisa lenu. Imbeni tenzi ambazo kila mtu alijifunza utotoni, kila mmoja kwa maneno ya kwao, zitagongana kidogo na hakuna atakayejali.

La mwisho ni la usalama wa midomo yenu. Madereva wa teksi Muscat ni Waomani, na wapo wenye asili ya Unguja, ambao familia zao ziliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Timu yetu ilipanda gari ikaanza kumjadili mwenyeji wetu, ubahili wake na chai yake isiyo na sukari, kwa kujiachia kabisa. Dereva alinyamaza mpaka tunashuka, ndipo akasema, "Haya mabibi, karibuni tena, na huyo bwana mumwombee." Kiswahili cha Unguja Mjini hasa, kilichonyooka kuliko chetu sote.

Ukishapata tarehe na jibu la kanisa linalowapokea, rudi hapa uandike ni Ruwi au Ghala. Wapo humu waliofanya kazi kule miaka mingi, watakuelekeza basi na mahali pa kupata mchicha.