Kuhusu jina la Isa

Mwanangu,

Assalaamu alaykum. Hapa Mikindani hatujambo, isipokuwa mguu wa baba yako, na huo unaujua.

Umeniuliza, mkeo akijifungua wa kiume na mkamwita Isa, wakwe zako kule Masasi watafurahi au watasema tumewachukulia Yesu wao? Moyo wa wakwe zako siwezi kuusoma nikiwa huku. Wewe ndiye unayekula nao. Ila swali lako limenigusa pengine. Umeandika kama mtu anayetaka kuomba kitu cha jirani. Isa hatukumwazima, baba. Ni wetu kwa imani, na anayemkana ametoka katika Uislamu.

Babu yako aliliingia jambo hili, na lilimgharimu. Nilikuwa msichana bado, miaka ile mihadhara ya dini ilipopamba moto. Tulikwenda kusikiliza mmoja Mtwara mjini, jioni, wanawake tumekaa pembeni. Msemaji alikuwa na Biblia mkononi, anajua kusema, mwanzo hata babu yako alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Mara akaanza kumwigiza Yesu msalabani, analegeza shingo, analia kwa sauti ya kitoto. Watu wakacheka sana. Na mimi nilikuwa namtazama babu yako.

Akasimama. Akasema, "Bwana, huyo ni mtume wa Mwenyezi Mungu. Umemtaja tangu alasiri, hukusema alayhi salaam, amani iwe juu yake, hata mara moja." Yule akajibu, "Mzee, mimi namsema Yesu wa kwao, simsemi Isa wetu." Babu yako akamwuliza, "Kwani Maryam alizaa wangapi?"

Uwanja mzima kimya! Nikisimulia hapo hadi leo nasisimka mwili. Akachukua bakora yake, tukaondoka.

Lakini baada ya hapo wakamwita mzee wa kanisani. Yeye, aliyefundisha Kurani maisha yake yote! Wazazi wakaanza kuwatoa watoto chuoni, mmoja mmoja, bila hata kuaga. Nimewasamehe, wengi wao wameshatangulia mbele ya haki. Nasema nimewasamehe, halafu nikikumbuka anavyokunja mkeka ambao haukukaliwa na mtu, naona bado kuna kitu kooni.

Usiku ule alitusomea Surat Maryam, akawa anasimama kutueleza. Kwamba katika Kurani nzima hakuna mwanamke mwingine aliyetajwa kwa jina lake ila Maryam. Kwamba alishikwa na uchungu peke yake kwenye shina la mtende, akatamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Na watu wake walipomsema vibaya alimwashiria mtoto, na mtoto mchanga akasema: mimi ni mja wa Mwenyezi Mungu. Akatueleza miujiza ya Isa, ndege wa udongo aliyepuliziwa akaruka, vipofu na wenye ukoma walioponywa, wafu waliofufuliwa, yote kwa idhini ya Mola wake. Na akatueleza Jaafar bin Abi Talib, Waislamu wa kwanza walipokimbilia Uhabeshi, alivyomsomea Najashi, mfalme wa Kikristo, mwanzo wa sura hiyo hiyo, mfalme akalia mpaka ndevu zikalowa. Mtu aliyemwazima Isa angemsomea mfalme yule nini?

Sasa, usimdanganye baba mkwe wako kwamba tunasema jambo moja. Hatusemi. Kwetu Isa ni Masihi, ni neno la Mungu alilompelekea Maryam, atarudi kabla ya Kiyama. Lakini si Mungu wala si mwana wa Mungu. Na msalaba, Surat An-Nisaa inasema hawakumuua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa. Wao Ijumaa Kuu ndiyo siku nzito kuliko zote. Wakati mwingine nafikiri, kwa nini hilo lisinyamaziwe tu, watu wale chakula kwa amani? Hapana. Mkwe akija kulisikia kwa mwingine ataona ulimficha. Lakini na wewe usilifanye salamu ya kuingilia mlangoni. Akiuliza, mjibu, na mjibu kwa adabu aliyokuwa nayo babu yako.

La jina lenyewe sisemi. Nina neno langu, na ulimi unaniwasha, ila mtoto ana baba na mama, nami sitaki mkeo aone jina limetoka Mikindani limefungwa tayari. Nitakachosema ni kwamba kina Isa huku wamejaa, wavuvi, mafundi, wauza korosho, wakati wenzetu sijamsikia anayemwita mwanawe Yesu. Kwa hiyo huenda kwao jina hilo likasikika zito kuliko linavyosikika kwetu. Kaa na mkeo mlizungumze hilo kwanza, yeye anawajua wazee wake.

Kuna jingine. Nilipokuwa na mimba yako bibi yako alikuwa akinisomea Surat Maryam, na ningependa kumsomea mkeo. Mwulize, usimlazimishe. Asipotaka nitakuja vilevile, nitapika na kufua. Nijibu kabla ya Ijumaa nikate tiketi ya basi, na uniambie kama bado kichefuchefu kinamfanya akatae samaki, nijue cha kufunga.

Mama yako